Uvimbe wa Kizazi: Ni Laana, ni Ukoo, au ni Nini?

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya akina mama wa Thika, kisha tukayarudia Ruiru kwa kuwa wengi waliyaomba. Tumeyaandika karibu jinsi tulivyoyasema, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.

Akina mama wapendwa, na nyinyi akina baba wanne mlioketi karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka: karibuni, sogeeni mbele. Habari ya leo inawahusu nanyi pia, na tutawaeleza ni kwa nini.

Leo tunazungumza juu ya faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya nyumba moja ya Ruiru. Mama wa nyumba hiyo ametupa ruhusa tusimulie habari zake, mradi jina lake tusilitaje. Kwa miaka sita alitokwa na damu nyingi kila mwezi, siku nane, siku tisa, mpaka akawa anapanda ngazi akishikilia ukuta. Yeye alisema ni presha imeshuka. Mumewe alinyamaza. Watu wa upande wa mume hawakunyamaza. Walisema ati alitoa mimba kabla hajaolewa, ndiyo maana tumbo limefura na mtoto wa pili haji. Wengine wakasema iko laana katika nyumba ya mama yake.

Hatimaye alipofika hospitalini, daktari alimwuliza: "Mama yako au dada zako wamewahi kuwa na shida hii?" Akajibu hapana. Jioni hiyo akapiga simu nyumbani. Mama yake akakaa kimya, kisha akasema: "Mimi nilitolewa kizazi mwaka ule niliowaambia naenda kupasuliwa tumbo." Dada yake mkubwa naye akakiri ana vivimbe vitatu, na amejua kwa miaka minne. Wanawake watatu, ukoo mmoja, shida moja, na kila mmoja ameificha akidhani yuko peke yake.

Basi jambo tulilokuja kusema ni fupi. Uvimbe huu una uhusiano na ukoo, lakini si laana ya ukoo. Tukiyatenganisha mambo haya mawili, lawama nyingi zitakwisha, na wasichana wetu watatibiwa mapema.

FAIBROIDI NI NINI?

Kizazi ni mfuko wa misuli. Ndiyo misuli inayomsukuma mtoto siku ya kuzaliwa. Faibroidi ni bonge la misuli hiyohiyo, pamoja na nyuzi ngumu, lililoota mahali ambapo halikutakiwa. Laweza kuwa dogo kama punje ya ndengu, laweza kuwa kubwa kama nanasi. Mama mmoja anaweza kuwa na bonge moja, mwingine akawa na kumi au zaidi.

Faibroidi si saratani. Saratani ya misuli ya kizazi ipo, lakini ni nadra sana, kwa hivyo mtu akiambiwa ana faibroidi asiende nyumbani kuandika wosia. Vivimbe hivi hulishwa na homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni. Ndiyo maana hukua katika miaka ya hedhi, na hedhi ikikoma kabisa kwa kawaida hunywea.

Sasa, ni wanawake wangapi walio navyo? Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima wanawake wa mji wa Washington kwa picha ya altrasaundi. Walikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe huwa na faibroidi. Wengi wao hawakuwa wameambiwa hivyo hapo mbeleni. Hao ni wanawake wa Marekani, hatuwezi kuchukua hesabu yao tukasema ndiyo ya Thika. Lakini inatufundisha kwamba hili ni jambo la kawaida, na wengi hubeba vivimbe maisha yao yote bila kusumbuliwa.

Anayesumbuliwa naye si wa kuonewa aibu. Mwigizaji wetu Lupita Nyong'o, ambaye kila mtu anamjua, alieleza hadharani mwezi wa Julai 2025 kwamba mwaka 2014, mwaka uleule aliopata tuzo ya Oscar, aligunduliwa kuwa na vivimbe 30, vikaondolewa kwa upasuaji. Kama mtu kama yeye ameweza kusema mbele ya ulimwengu mzima, sisi tunashindwaje kumwambia binti yetu jikoni?

JE, NI UGONJWA WA UKOO?

Mwanamke ambaye mama yake au dada yake wa damu ana faibroidi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzipata kuliko mwanamke ambaye ukoo wake hauna. Tena watafiti wamewalinganisha mapacha, na wale wanaofanana kabisa, waliotoka katika yai moja, hushabihiana katika shida hii kuliko mapacha wa kawaida. Kwa hivyo kuna kitu kinachorithiwa. Ni kitu gani?

Hapa Ruiru tuna mfano mzuri. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1985, kituo cha utafiti wa kahawa kilipotoa aina mpya ya kahawa iliyopewa jina la mji huu, Ruiru 11. Kabla ya hapo wengi walipanda SL28. Si mnakumbuka jinsi ugonjwa wa kuoza kwa buni ulivyotusumbua? SL28 hushikwa upesi, Ruiru 11 hustahimili. Shamba moja, mvua moja, mbolea moja. Sasa tuulizane: mche wa SL28 unapotoka katika kitalu, umetoka na ugonjwa? Hapana. Mche ni mzima, majani ni ya kijani. Mche wa SL28 haurithi ugonjwa. Hurithi wepesi wa kushikwa. Punje ile iliyooza ilishikwa shambani, msimu huohuo.

Na binti ni vivyo hivyo. Binti harithi uvimbe. Hurithi wepesi wa kupata uvimbe.

Wepesi huo umeandikwa katika jeni, yaani yale maagizo madogo yaliyomo katika kila chembe ya mwili, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walipata sehemu tatu za jeni ambapo wanawake wenye faibroidi hutofautiana na wasio nazo, na tangu hapo sehemu nyingine nyingi zimepatikana katika nchi mbalimbali. Baadhi zinahusu homoni. Baadhi zinahusu namna chembe inavyotunza maagizo yake yasiharibike. Kila moja peke yake huongeza kidogo tu. Ni kama mzigo wa kuni: kijiti kimoja si kitu, lakini vikiwa vingi mgongo unavihisi.

Na akina baba, hapa ndipo mnapoingia. Wepesi huu haupiti kwa mama peke yake. Baba hana kizazi, hatapata faibroidi, lakini anaweza kumpa binti yake vijiti alivyopewa na mama yake mwenyewe. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Tumegawana majina kwa haki kabisa. Lakini shida ikitokea, tunasema imetoka upande mmoja, upande wa mke. Huo si ukweli.

KOSA LENYEWE LINAANZIA WAPI?

Tumesema kinachorithiwa ni wepesi. Basi uvimbe wenyewe huanzaje? Majibu mawili makubwa yalipatikana katika miaka miwili mbalimbali.

La kwanza ni la mwaka 1965. Wanasayansi wawili wa Marekani, David Linder na Stanley Gartler, walitumia kitu cha mwilini kiitwacho G6PD. Labda mmekisikia hospitalini, kwa maana mtu ambaye anacho kidogo mno anaweza kuharibikiwa damu akipewa dawa fulani za malaria. Kuna wanawake waliorithi aina mbili za G6PD, moja kwa baba na moja kwa mama, lakini kila chembe ya mwili hutumia aina moja tu. Kwa hivyo ukikata kipande cha nyama ya kawaida ya kizazi chao utakuta mchanganyiko. Ni githeri, mahindi na maharagwe pamoja. Walipopima vivimbe, hawakukuta githeri. Kivimbe hiki kilikuwa mahindi matupu, kile maharagwe matupu, na vyote vimo katika kizazi cha mama mmoja.

Maana yake nini? Maana yake kila kivimbe kilianza na chembe moja tu. Chembe hiyo ikagawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka zikawa bonge. Na kwa kuwa vingine vilikuwa mahindi na vingine maharagwe, havikuwa matawi ya shina moja. Kila kimoja kilikuwa na mwanzo wake.

Jibu la pili ni la mwaka 2011, kutoka Finland. Watafiti walisoma jeni za vivimbe 225 vya wanawake 80. Katika vivimbe 159, yaani asilimia 70 hivi, walikuta kosa katika jeni moja iitwayo MED12, na karibu yote mahali palepale. Mara nyingi ni herufi moja tu iliyobadilika. Mnajua jinsi herufi moja inavyoweza kugeuza maana: andika "mama" ukakosea kidogo, inakuwa "mana". Mwaka huohuo vilipimwa vivimbe 28 vya wanawake 18 wa Afrika Kusini, na nusu vilikuwa na kosa la jeni hiyohiyo. Kwa hivyo si habari ya Wazungu peke yao.

Lakini sikilizeni sehemu iliyo muhimu zaidi. Kosa hilo limo ndani ya kivimbe, halimo katika nyama nzima iliyo kando yake. Tena katika kizazi kimoja, kivimbe hiki kinaweza kuwa na herufi hii iliyokosewa, na jirani yake herufi nyingine. Mama hakuzaliwa nalo. Hakulipata kwa mama yake, wala hatampa binti yake. Lilitokea ndani ya chembe moja ya msuli wa kizazi, wakati wa maisha yake, chembe ilipokuwa ikinakili maagizo yake. Hata karani mzuri anayenakili barua elfu moja atakosea moja. Kuna karani ambaye amerithi macho mepesi kuchoka, na huyo atakosea mara nyingi zaidi. Lakini kosa ni kosa la kunakili. Halina dhambi ndani yake.

Kwa hivyo yule dada yetu wa Ruiru hakulipishwa deni la mimba yoyote. Mama yake hakumwachia laana. Alimwachia vijiti vichache vya kuni, na baba yake labda akamwongezea vingine, na chembe fulani zikakosea kunakili. Basi.

FAMILIA CHACHE ZENYE HATARI YA PEKEE

Kuna jambo moja ambalo si haki kulificha. Ziko familia chache, nadra sana, ambazo hurithi kosa katika jeni nyingine iitwayo FH. Hili lilitambuliwa mwaka 2002. Katika familia hizo kila mtoto, awe wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi kosa lenyewe. Wanawake wao hupata faibroidi nyingi na kubwa wakiwa bado vijana, katika miaka ya ishirini na kitu au thelathini. Wengi huwa na vinundu vigumu vya ngozi mikononi au kiwiliwili, vinavyouma, hasa kukiwa na baridi. Na baadhi yao, wanaume kwa wanawake, hupata saratani ya figo yenye ukali.

Kwa hivyo kama katika ukoo wako kuna faibroidi za mapema, na vinundu hivyo, na mtu aliyekufa kwa saratani ya figo, usiyaweke mambo haya katika masanduku matatu. Mwambie daktari yote kwa pamoja. Figo zikichunguzwa mapema mtu anaweza kuokolewa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuulizane. Mkirudi nyumbani leo, kila mmoja amwulize mama yake, nyanya yake, mama wadogo na mashangazi, yaani pande zote mbili: nani alitokwa na damu kupita kiasi, nani alitolewa kizazi, na akiwa na miaka mingapi. Yaandikeni mahali mnapoweka kadi za kliniki za watoto. Karatasi hiyo daktari ataipenda.

Pili, tujue dalili. Hedhi inayopita siku saba. Kubadilisha pedi kila saa. Mabonge ya damu. Tumbo la chini kuwa zito au kufura. Kwenda haja ndogo kila mara. Maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mimba kuharibika tena na tena. Na kizunguzungu hicho mnachokiita presha ya chini, mara nyingi ni damu imepungua. Iambieni hospitali ipime damu.

Tatu, tupimwe. Altrasaundi haiumi wala haikati mtu. Hapa kwetu mnaweza kuanzia Thika Level 5 au hospitali ya Ruiru. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, utaratibu ulibadilika, kwa hivyo ulizeni mapema ni huduma gani inayolipiwa na ni ipi mtajilipia, msije mkashtukia bili mlangoni.

Nne, tujue kwamba kutoa kizazi si njia ya pekee. Asiyesumbuliwa anaweza kuangaliwa tu. Kuna dawa za kupunguza damu, kuna dawa za homoni, na koili yenye homoni. Kuna upasuaji wa kutoa vivimbe na kuacha kizazi, na kuna njia ya kuziba mishipa inayolisha vivimbe. Kutoa kizazi chote kuna mahali pake, hasa kwa mama aliyemaliza kuzaa na anayeteseka. Ila ni haki yako kuuliza: "Daktari, kuna njia gani nyingine?" na ujibiwe.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Nilitolewa vivimbe vyote, na sasa vimerudi. Je, daktari alibakisha mzizi?

Jibu: Si lazima. Kumbuka githeri. Kila kivimbe kina mwanzo wake, na kizazi kilichobaki kinaweza kuanzisha vipya. Ndiyo maana inafaa kuendelea kuangaliwa.

Swali: Ni sindano za kupanga uzazi zinazoleta faibroidi?

Jibu: Utafiti haujaonyesha hivyo. Hata kuna utafiti uliokuta waliotumia sindano hizo wakiwa na faibroidi kwa uchache zaidi.

Swali: Na dawa ya kulainisha nywele?

Jibu: Mwaka 2012 utafiti wa wanawake weusi wa Marekani ulikuta uhusiano kati ya dawa hizo na faibroidi. Uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Mtu akitaka kujihadhari, kusuka hakudhuru.

Swali: Kuna chupa inauzwa stendi ya matatu, ati inayeyusha.

Jibu: Vivimbe vinaweza kupungua vyenyewe baada ya kujifungua au hedhi ikikoma, halafu chupa inapewa sifa. Usiache kupimwa kwa sababu umenunua chupa.

Swali (kutoka kwa baba mmoja): Kijana wangu anataka kuoa, na mama ya msichana ana shida hiyo. Si heri tuchunguze kwanza?

Jibu: Mzee, tukianza kuwakataa wasichana kwa faibroidi, kanisa zima halitakuwa na harusi. Wanawake wengi wenye faibroidi huzaa. Inategemea sana kivimbe kilipo. Kile kinachosukuma ndani ya mfuko ndicho kinachozuia zaidi. Na kabla ya kumchunguza mama ya msichana, mwulize mama yako wewe.

Watu walicheka, naye akacheka pia. Lakini baada ya mkutano alikuja akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake alipasuliwa tumbo zamani, na yeye hakuwahi kuuliza ni kwa nini.

Kuhusu yule dada yetu wa Ruiru, alipasuliwa, vivimbe vikatolewa, na kizazi kikaachwa. Siku hizi anapanda ngazi bila kushika ukuta. Mdogo wake wa mwisho, ambaye hakuwa na maumivu yoyote, alikwenda kupimwa kwa sababu ya simu ile ya jioni. Walimkuta na kivimbe kimoja kidogo, na sasa anarudi kuangaliwa kila daktari anapomwita. Tunawaomba nanyi mpige simu hiyo leo, kabla chakula cha jioni hakijaiva.